Alisema anaona baridi, tukamcheka

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika na kuifuta kwa karibu wiki tatu. Leo naituma kama ilivyo, kwa sababu kuna begi moja stoo kwangu ambalo kila nikilipita nafsi inanisuta.

Sisi ni marafiki sita, tumejuana tangu shule. Mwaka huu tulikubaliana kwenda kupiga kambi kwenye hifadhi ya taifa, usiku tatu. Mimi ndiye niliyepanga kila kitu: vibali, gari, chakula, ratiba. Mahema yalikuwa matatu, watu wawili kila hema. Moja lilikuwa la rafiki yetu ambaye sitamtaja jina. Nimwite Mwenzetu.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili tuliamka mawingu yametanda, lakini ratiba ilikuwa inasema maporomoko ya maji, nami nikasema tunakwenda. Mvua ikatukuta njiani. Haikuwa ile ya kupiga na kuondoka. Ilikuwa mvua ya taratibu yenye upepo, na ilinyesha tangu saa tano asubuhi hadi tuliporudi kambini jioni. Wengine tulikuwa na makoti ya mvua. Mwenzetu alikuwa na jinzi na fulana ya pamba tu, maana koti lake alinipa mimi baada ya langu kuchanika begani.

Tulipofika kambini alikaa pembeni peke yake. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Ukimsemesha anajibu kwa mkato, kama mtu aliyenuna. Nilimpa kikombe cha chai kikamponyoka. Kisha akaenda kufungua zipu ya hema lake, vidole vikakataa. Alihangaika na ile zipu muda mrefu, na mmoja wetu akawa anamrekodi kwa simu. Maneno yake yalikuwa yanaburuta kama ya mlevi, na wala hakuwa amegusa pombe. Tulicheka sana, Shangazi. Akaniambia, "Naomba funguo za gari, nikalale huko." Gari lilikuwa kwenye maegesho, mwendo wa dakika 20. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia asituharibie safari, avumilie kama wenzake.

Usiku maji yakaingia hemani kwake. Mahema yetu mengine yalibaki makavu, lake likawa dimbwi, ingawa sote tulitandika maturubai chini, na la kwake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mtu akapaza sauti kuwa hema bovu kama mwenyewe, tukacheka tena, kila mtu akiwa kwenye hema lake. Kama saa nane hivi, yule waliyelala naye alikuja kuniamsha. Akasema, "Ameacha kutetemeka, lakini haongei vizuri." Nikamjibu kwamba basi hiyo ni nafuu, ameshazoea. Nikageukia upande wa pili.

Yule kaka hakulala. Aliwaamsha wa hema la tatu, wakamhamishia kwao, akamvua nguo zilizolowa, akamvisha sweta lake la sufu na kumwingiza kwenye mfuko wa kulalia uliokuwa mkavu. Alfajiri akaenda mwenyewe kuwatafuta askari wa hifadhi. Walikuja na machela. Kufika mchana Mwenzetu alikuwa anakaa na kunywa mwenyewe, na hospitali walimruhusu jioni ile ile. Safari ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo amejitoa kwenye kundi letu la simu, hakusema la heri wala la shari. Nimempigia mara mbili hakupokea. Hema lake lilibaki garini, nikalishusha kwangu, na bado limo kwenye begi vile vile tulivyolikunja. Nilipomwandikia kuwa ninalo alijibu maneno matatu: "Baki nalo tu." Wenzangu wanasema anadeka, kwamba baridi sote tuliipata. Sasa wanataka safari nyingine baada ya miezi miwili, na wanataka niipange mimi. Ile video bado imo kwenye kundi.

Je, Shangazi, nilimkosea kweli, au ni mambo ya kawaida ya kambini yaliyokuzwa? Na nikimwendea, nianzie wapi?

Mwenye begi stoo

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale kwenye zipu.

Nianze na swali lako la kwanza ili tusilizungukie: ndiyo, ulimkosea. Ninajua kwamba hukujua ulichokuwa unakitazama, na nitakueleza, kwa sababu kama wewe uliyepanga safari hukukijua, basi na wenzako watano hawakukijua, na miezi miwili ijayo mnataka kurudi tena huko porini.

Joto la mwili wa mtu mzima ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu huyo ameingia kwenye hali ambayo madaktari huiita haipothemia, na inaua. Wengi hudhani ni jambo la theluji na barafu. Sivyo. Hata hewa ikiwa nyuzi 10 au zaidi, mtu aliyelowa chapachapa na kupigwa na upepo kwa saa nyingi anaweza kufika huko, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa, mara 25 hivi. Na nguo za pamba ndizo mbaya kuliko zote kwa siku kama ile. Jinzi ikishalowa haikauki upesi, inagandamana na ngozi na kukunyonya joto hatua kwa hatua. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inabakiza joto. Ndiyo maana lile sweta la yule kaka lilikuwa chaguo zuri.

Sasa tazama dalili. Mtu anajitenga, anajibu kwa mkato, anaonekana amenuna. Vitu vinamponyoka. Vidole vinashindwa kazi ndogo kama kufunga kamba au kuvuta zipu. Ulimi unakuwa mzito. Anajikwaa mahali pasipo na kitu. Hizo ndizo wanazofundishwa waokoaji wa milimani waziangalie, na wewe umeniandikia karibu zote, kwa mkono wako, ukidhani unanisimulia kisa cha mtu mwenye kununa. Mwanangu, hakununa. Ubongo wake ulikuwa unapoa.

Nalijua hilo kwa ndani kidogo. Nilipokuwa na umri kama wako nililowa hivyo hivyo, mahali pa juu, na ninachokumbuka si baridi. Ninakumbuka hasira. Kila aliyenisemesha nilimchukia, na sikujua kwa nini. Nilikuwa nimeinama nafungua kamba za viatu, naziona kabisa, na mikono inakwenda kama ya mtu mwingine. Kuna mama mmoja katika msafara wetu alikuja akapiga magoti kwenye tope, hakuniuliza kitu, akazifungua zile kamba, akanivua soksi moja moja na kuniwekea miguu tumboni kwake chini ya sweta. Hakusema neno. Mpaka leo nikimkumbuka yule mama natokwa na machozi. Ndiyo maana nasimama kwenye zipu. Mwenzetu alikuwa anahitaji mtu wa kumvutia zipu, akapata mtu wa kumrekodi.

Kisha pale saa nane. Kutetemeka ni jinsi mwili unavyojipasha moto wenyewe. Mtu aliyelowa na kupoa akiacha kutetemeka, wakati bado yuko kwenye baridi na maneno hayaeleweki, hajazoea. Mwili umeishiwa nguvu ya kujitetea. Kwa kawaida hilo hutokea joto likikaribia nyuzi 32, na hapo hatua zilizobaki si nyingi. Sisemi hivi nikuumize. Nasema kwa sababu umemwita yule kaka "yule waliyelala naye", kama mpita njia, na kwa kila ninachokielewa kutoka kwenye barua yako yeye ndiye aliyewafanya mrudi sita. Alifanya karibu kila kitu inavyotakiwa: alimtoa kwenye maji, akamvua nguo mbichi, akamvisha kavu, akamfunika, akafuata msaada. Ninachoongeza ni kwamba kitu kikavu lazima kiwepo pia kati ya mgonjwa na ardhi, maana ardhi nayo hunyonya joto, na kichwa kifunikwe. Kinywaji cha moto chenye sukari apewe akiwa macho na anameza vizuri, si vinginevyo. Pombe hapana kabisa. Msimsugue mikono na miguu wala msimsimamishe atembee "apate damu"; mtu aliyefika pale anashikwa polepole, analazwa, na msaada unaitwa usiku huo huo. Na asijitokeze mtu mwenye huruma akawasha jiko ndani ya hema. Moshi usioonekana wa kaboni monoksidi hauna harufu, na umeua watu waliokuwa wamejifungia wapate joto.

Halafu kuna hema. Mmelisingizia.

Ulisema mahema mawili yalibaki makavu na la kwake likajaa, na kwamba turubai lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Basi kwa maelezo hayo mimi nalitazama turubai kabla ya hema. Turubai la chini linapotokeza nje ya sakafu ya hema, mvua inayotiririka kwenye kuta inalidondokea, na badala ya kunywewa na udongo inakusanywa na kuingizwa chini ya mtu aliyelala. Turubai linatakiwa liwe dogo kuliko sakafu ya hema pande zote, au kingo zake zikunjwe chini zisionekane. Ni kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya safari za mwanzo. Na wapo wanaoamka wakaona matone kwa ndani wakasema linavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe zimegusa kitambaa cha baridi zikageuka maji. Kwa hiyo pengine mlimcheka mtu kwa hema lisilo na kosa, usiku ambao mmoja wenu alikuwa amevaa koti lake la mvua.

Hilo koti umelitaja mara moja tu na kupita haraka. Mimi sijalipita. Nadhani na wewe hujalipita, ndiyo maana barua umeifuta wiki tatu.

Sasa namna ya kumwendea. Usimwandikie. Usimpigie tena, maana simu mbili ambazo hazikupokelewa ni jibu tosha. Nenda. Nenda peke yako, usiongozane na yeyote wa kundi, kwa kuwa mkiwa wengi atalazimika kuwatuliza ninyi. Usianze na "kama nilikukosea", wala "hatukujua", wala "sote tuliona baridi". Taja mambo kwa majina yake: uliniomba funguo nikakunyima, nilikucheka ukishindwa zipu, niliambiwa umeacha kutetemeka nikalala, na koti lako nilikuwa nimelivaa mimi. Ukishasema hayo, nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu na utatamani kuujaza na maelezo. Vumilia. Ana haki ya kukuambia neno moja, au mia, au kukufungia mlango, na lolote atakalochagua ulipokee bila kumdai msamaha. Watu wengi wakiomba radhi huwa wamekuja kuchukua kitu. Wewe nenda kurudisha.

Kabla hujaenda, ile video. Leo hii, si kesho, mtafute aliyeirekodi na umwambie kwa sauti yako, si kwa ujumbe, kwamba aifute kwenye kundi na kwenye simu yake. Mwambie na kilichokuwa kinaendelea kwenye hiyo picha. Sidhani kama ni mtu mbaya. Mtu akishajua kwamba alikuwa anamrekodi rafiki yake akiwa hatarini, hataitazama tena kwa kicheko. Kwa wenzako wanaosema anadeka, wasomee dalili nilizokuandikia hapo juu na uwaulize ni ipi hawakuiona. Ukifika kwa Mwenzetu na kumwambia video imefutwa, iwe ni kweli.

Kuhusu safari ijayo, ushauri wangu ni kwamba usiipange kabla ya hayo yote, na hata baada yake usiipange peke yako. Kosa kubwa la safari yenu halikuwa mvua, kwa maana mvua porini ni jambo la kawaida na watu hulala ndani yake wakafurahi. Kosa ni kwamba ratiba ilikuwa na mwenyewe, na funguo zilikuwa na mwenyewe, na vyote viwili vilikuwa mfuko mmoja. Kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba mtu yeyote akisema "naona baridi" au "naomba turudi", anasikilizwa hapo hapo na habishiwi, na kwamba funguo za gari zinakaa mahali ambapo kila mtu anaweza kuzichukua bila kuomba ruhusa. Asitokee mtu wa kupima kama mwenzake ana haki ya kuona baridi. Miili haifanani; mwembamba hupoa upesi kuliko mnene, aliyechoka na mwenye njaa hupoa upesi kuliko aliyekula.

Mengine ni ya kawaida na mtayapata kwa askari wa hifadhi mkiwauliza, nao hupenda kuulizwa. Seti moja ya nguo za kulalia ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na isiguswe mchana hata mkilowa namna gani. Hema lisimame kwenye mwinuko kidogo, si kwenye bonde wala mkondo mkavu, hata kama pale chini ndipo pazuri, maana mvua inayonyesha mbali juu ya mlima huwafikia usiku wakati kwenu hakuna hata manyunyu. Msichimbe mifereji kuzunguka hema. Hifadhi nyingi zinakataza kwa kuwa inamomonyoa udongo. Tazameni juu pia, tawi kavu likilowa huanguka. Na radi ikianza, hesabu tangu mwanga hadi mlio: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30, ondokeni kwenye hema na chini ya miti, ingieni kwenye gari lenye bodi ya chuma au jengo, mkae humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Siku hiyo tena, funguo zisiwe mfukoni mwa mtu mmoja.

Nimebakisha begi la stoo, na hilo nalo lianze leo jioni. Hema lililokunjwa likiwa limelowa hushika kuvu ndani ya siku chache, na lako lina wiki tatu. Ule utando wa ndani unaozuia maji nao huoza kwa unyevu. Ukiushika unanata na kunuka vibaya. Lifungue. Litandaze lote, hata kama sebule itajaa. Lioshe kwa sponji, maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo sana, usilitie kwenye mashine wala dawa ya kung'arisha nguo. Mishono iangalie yote kwa kidole. Meno ya zipu yasugue kwa mswaki mkuukuu mpaka mchanga utoke, kisha uifungue na kuifunga mara kadhaa uhakikishe inakwenda bila kukwama. Likaushe kivulini penye upepo, jua kali hukichosha kitambaa, na usilikunje mpaka kona zote ziwe kavu, hata kama itachukua siku mbili. Ukikuta utando umeshaharibika, usilifiche. Tafuta jipya la ukubwa ule ule, umpelekee yote mawili, na umwambie ni kwa nini.

Alikuambia ubaki nalo. Usibaki nalo. Lipeleke mwenyewe, pamoja na lile koti kama bado unalo, likiwa limefuliwa. Hesabu vigingi kabla ya kufunga begi. Kilichopinda kinyooshe, kilichopotea kinunue.

Shangazi yako